Kurudi Newala Bila Msiba

Sisi watu wa Kusini tunaoishi Dar es Salaam tunaihesabu barabara ya Kilwa kwa marehemu wetu. Muulize mtu mara ya mwisho alifika lini Masasi, atakujibu kwamba alikwenda kumzika mjomba wake. Muulize na kabla ya hapo, atakwambia ilikuwa arobaini ya bibi. Simu inaingia usiku, kikundi cha familia kinajaa pole, michango inakusanywa kwa saa chache, na alfajiri basi la kukodi linaondoka Mbagala. Tunafika, tunazika, tunalala mikekani usiku mmoja au miwili, tunawahi kazini. Watoto wetu wanakua wakiamini kuwa nyumbani ni mahali ambako watu wazima huenda kulia.

Safari ninayoisimulia hapa ilikuwa ya namna nyingine, na chanzo chake ni mdogo wangu wa kike aliyeolewa Ufaransa. Anaishi upande wa magharibi, Vendée, karibu na bahari ya Atlantiki. Kila Agosti ukoo wa mumewe hukodi nyumba ya shamba kijijini, si mbali na pwani, wakakaa humo babu na bibi, wana na wakwe, wajukuu na vitukuu. Asubuhi mtu anakwenda kununua mkate, mchana watoto wanapelekwa baharini, jioni wote wanakutana mezani. Hakuna aliyekufa, hakuna anayeoa. Wamekuja kukaa pamoja, basi. Mwanzoni alitaka Bibi yetu, mama yake mama, apelekwe huko akapumzike nao. Tukaanza kuulizana habari za visa, ndege na makoti. Bibi, ambaye amevuka miaka themanini, alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Na huko baharini kwenu nitamkuta nani ninayemjua?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Wiki ile ile mdogo wangu akapiga simu: basi tutakuja sisi, twende naye kwao Newala sasa, wakati miguu yake bado inamchukua.

Nilimdadisi zaidi juu ya nyumba zile za mashambani, na aliyonieleza yalinifundisha. Desturi hiyo ya Wafaransa si ya kale sana. Mwaka 1936 sheria iliwapa wafanyakazi likizo ya malipo ya wiki mbili, na familia za mijini zikapata nafasi ya kutoka. Baada ya Vita Kuu ya Pili vijiji vingi vilikuwa vinakimbiwa, nyumba zinabaki tupu. Mwaka 1955 likaundwa shirikisho la Gîtes de France kuwasaidia wenye nyumba hizo wazikarabati na kuzikodisha kwa watu wa mjini. Sheria hata sisi tunayo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo kwa mwaka, na mtumishi wa umma hulipwa nauli ya likizo kila baada ya miaka miwili. Nyumba pia tunazo, na nyingi zimefungwa kufuli. Tulichokosa ni kuketi na kupanga.

Kupanga kulianza kwa Mjomba. Kwetu Wamakonde, kama ilivyo kwa Wayao na Wamakua tunaopakana nao, mtoto ni wa ukoo wa mama, na neno la mjomba ndilo linalofunga mjadala. Mjomba ni mwalimu mstaafu, anaishi Masasi mjini. Alikubali, kisha akatoa masharti. Kwanza, mfuko wa misiba wa familia usiguswe. Safari hii iwe na mfuko wake. Pili, mwendo wa safari upangwe na Bibi. Akichoka, wote wamechoka. Mama mdogo wa Mbagala akafanywa mweka hazina, kila aliye na kipato akawa anatuma kidogo kila mwisho wa mwezi, na mimi nikapewa kazi ya kupanga njia, malazi na tarehe.

Kazi hiyo ilinihusu kwa haki. Watoto wa mdogo wangu walizaliwa Ufaransa, baba yao ni Mfaransa, lakini kwa hesabu ya kwetu hao ndio wa ukoo wetu hasa, na mjomba wao ni mimi. Wanangu mwenyewe ni wa ukoo wa mama yao, Mmakua wa Masasi. Kwa hiyo safari ilijigawa yenyewe: Masasi ilikuwa ya wanangu wakaone kwa mama yao, Newala ilikuwa ya wapwa zangu wakaone kwao.

Tarehe ndiyo iliyotuchukulia muda mrefu. Kusini kuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Hilo si jambo la kudharau. Mapema Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara maeneo ya Somanga wilayani Kilwa, Lindi na Mtwara zilitengwa na Dar es Salaam, magari yakapanga foleni pande zote mbili. Miezi ya mvua tukaifuta. Ikabaki Oktoba au Juni. Oktoba mikorosho inazaa, mabibo mekundu na ya njano yamejaa chini ya miti, minada inaanza na pesa inazunguka. Watoto wangefurahi. Lakini Oktoba kila mtu yuko shambani kutwa anaokota, na shule zimefunguliwa. Juni shule za hapa zinafunga, mavuno ya chakula yako ghalani, barabara zimekauka, na wazee wana nafasi ya kukaa barazani. Juni kuna baridi juu kwenye Uwanda wa Makonde, ilipo Newala. Hiyo dawa yake ni sweta. Tukachagua Juni.

Tulikodi Coaster yenye viti vizuri na dereva mtu mzima anayeijua njia. Mmoja wetu aliuliza kwa nini Bibi asipande ndege ya Mtwara, afike kwa saa moja. Bibi alikataa, alitaka kuiona njia. Kutoka Dar es Salaam hadi Masasi ni karibu kilomita 600, na vijana huzimaliza kwa siku moja. Tulizigawa kwa kulala Lindi. Tukaandika kwenye karatasi mahali pa kusimama, vyoo safi tunavyovijua, na hospitali zilizo njiani. Dawa za presha za Bibi zikafungwa mikoba miwili tofauti, kadi za bima ya afya zikawekwa pamoja. Newala tulituma pesa mapema kwa mama mdogo anayetunza nyumba ya Bibi: achimbishe choo kipya chenye kiti, aazime magodoro, na ajaze simtanki. Simtanki ndiyo iliyokula pesa nyingi kuliko nyama, na anayeijua Newala hatashangaa.

Tuliondoka asubuhi bila haraka. Daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji lina urefu wa karibu kilomita moja, na watoto walitaka tulivuke kwa miguu. Dereva alipunguza mwendo wakaridhika. Hapo mama yangu aliwasimulia kivuko cha Ndundu. Kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 2003, abiria wa Kusini walingoja pantoni kwa saa nyingi, na mto ukifurika walilala ng'ambo siku kadhaa na mizigo yao na watoto wachanga. Yeye mwenyewe alivuka hapo akiwa na mimi mgongoni. Nilikuwa sijawahi kuisikia habari hiyo, kwa sababu kwenye basi la msiba hakuna anayesimulia.

Bibi alituongoza kwa vijiji. Nangurukuru, akasema, hapo palikuwa na fundi viatu mmoja mwema. Lindi tulilala mapema, tukaamka kwa chai na samaki wa kukaanga. Mnazi Mmoja barabara inagawanyika: kushoto Mtwara, kulia Masasi. Tukakata kulia. Kuanzia hapo akina mama waliuza ming'oko ya kuchemsha kando ya barabara, na Bibi akasimamisha gari. Ming'oko ni mizizi ya porini, myembamba, inamenywa kwa vidole na kuliwa na chumvi. Mkwe wetu Mfaransa alikula hadi sahani ikaisha. Bibi alimtazama muda mrefu, akasema kwa sauti ya kusikika gari zima: "Huyu ni mtu."

Ndanda tulisimama kwa sababu mama yangu alizaliwa pale hospitalini. Wamisionari Wabenediktini walianza Ndanda mwaka 1906, baada ya vituo vyao vya Lukuledi na Nyangao kuharibiwa katika Vita vya Maji Maji mwaka uliotangulia. Hospitali ya Mtakatifu Benedikto imehudumia watu wa mkoa huu na mikoa jirani vizazi kwa vizazi. Mahali penyewe pako chini ya ukingo wa Uwanda wa Makonde, na maji yanatiririka kutoka mlimani mwaka mzima. Mjomba, aliyekuja kutupokea hapo, aliwaeleza watoto sababu kwa kuchora mchangani. Juu uwandani ardhi ni ya mchanga na mvua ikinyesha inazama moja kwa moja. Hakuna mto wala bwawa. Maji yanasafiri chini kwa chini, yanatokea huku bondeni. Kwa hiyo aliye juu ana mvua lakini hana kisima, na aliye chini anakunywa mvua ya mwenzake. Watoto walikunywa maji yale kwa vikombe vyao, na somo hilo lilikuja kuwafaa baada ya siku chache.

Masasi inajitambulisha kwa milima ya mawe. Imesimama mmoja mmoja kwenye tambarare, myeusi, mingine imepara kabisa, na mji umejibanza katikati yake. Tulilala gesti karibu na kwa wakwe zangu, maana Mjomba alisema wageni wengi wakilala nyumba moja, mwenye nyumba halali. Asubuhi tukaenda Mtandi, kwenye kanisa kuu la Anglikana, ambako bibi wa mke wangu alibatizwa. Mama mkwe ndiye aliyesimulia. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alikuja kutoka pwani akiongozana na watu waliokombolewa utumwani na kukaa Unguja. Nia ilikuwa wasogee hadi upande wa Ziwa Nyasa, ambako wengi wao walikamatwa. Wakaishia Masasi, wakajenga. Mwaka 1882 Wangoni wakavamia, wakaua na kuteka watu, na Chauncy Maples, aliyekuwa mkuu wa kituo, akahamishia kazi Newala, kwenye nchi ya Matola, chifu wa Kiyao. Miaka ilipita ndipo Masasi ikajengwa upya.

Nilikuwa nimeisoma historia hiyo shuleni kama majina ya Wazungu. Mama mkwe aliisimulia kama habari ya watu waliong'olewa kwao, wakajaribu kurudi, wakakosa njia ya kufika hasa, wakajifanyia kwao pengine. Akamalizia kwa kuwaambia wanangu kwamba wao wamefika kwa Coaster, wasilalamikie vumbi. Aliwatajia pia Askofu Vincent Lucas, aliyeongoza dayosisi tangu 1926 hadi 1944 na kuruhusu jando lifanywe kwa taratibu za Kikristo badala ya kulipiga marufuku, na Trevor Huddleston, aliyekuwa askofu hapo katika miaka ya 1960 baada ya kupinga ubaguzi wa rangi Afrika Kusini. Mke wangu alikaa kimya muda wote. Baadaye aliniambia kwamba mama yake hajawahi kuzungumza hivyo mbele yake. Siku zote akija, nyumba imejaa waombolezaji.

Kabla ya kupanda Newala tulikwenda Lupaso, alikozaliwa Benjamin Mkapa mwaka 1938 na alikozikwa Julai 2020. Watoto waliokuwa wamevuka daraja lenye jina lake walisimama kaburini wakishangaa kuwa rais alitoka kijiji chenye mikorosho na mihogo kama kile walichoambiwa ni chao. Mjomba hakuwahutubia. Aliwaonyesha tu njia ya vumbi, akasema mtoto wa hapa alisoma Ndanda, na kutoka hapa hadi Ndanda si karibu.

Barabara ya Masasi hadi Newala ilikuwa bado katika ujenzi wa lami, sehemu nyingine mchanga, sehemu nyingine changarawe. Ni sehemu ya njia ya kilomita 210 inayounganisha Mtwara, Tandahimba, Newala na Masasi, ambayo wakulima wa korosho wameingojea miaka mingi. Gari lilipanda polepole, kona baada ya kona, na hewa ikabadilika. Wapwa zangu wakavaa sweta. Bibi akafungua dirisha.

Hapa nieleze lililotupata tulipofika. Coaster ilipoingia kijijini na kusimama mbele ya nyumba ya Bibi, wanawake wa jirani walitoka majumbani mwao, khanga zimetandwa vichwani, wanakuja kwa mwendo ule tunaoujua sote. Wanaume waliacha bao chini ya mwembe. Mzee mmoja, rika la Bibi, alitangulia hadi mlangoni mwa gari, akavua kofia, akauliza kwa upole: "Nani ametutoka?"

Mama yangu alishindwa kujibu. Bibi alishuka kwa kushikwa mikono, akasimama, akasema: "Hajafa mtu. Tumekuja kuwaona."

Mzee yule hakuamini mara moja. Alitutazama mmoja mmoja kama anayehesabu nani hayupo. Kisha akaanza kucheka, na mwanamke mmoja akapiga kigelegele, na khanga zikashuka mabegani. Mimi nilisikia aibu na furaha kwa pamoja. Tumewazoeza ndugu zetu kwamba gari letu likionekana, ni jeneza. Wanapoona vumbi letu wanatandaza mikeka ya matanga. Hilo lilinikaa moyoni kuliko jambo jingine lolote la safari hii, na ndilo hasa linalonifanya niandike.

Maisha ya Newala tuliyapanga kwa saa za Bibi. Asubuhi ukungu unatanda mpaka hauoni nyumba ya pili, hakuna kutoka. Tulikaa jikoni kwa uji na mihogo. Jua likipanda, wazee walikuja kusalimia, na watoto walifundishwa kusema shikamoo wakiwa wamepiga goti kidogo. Bibi alimwita mpwa wangu mdogo "mume wangu", akamdai matumizi, na kijana yule wa Ufaransa akaelewa upesi kuwa mke huyu haachiki. Mchana tulikula ugali wa muhogo kwa mbaazi za nazi au kisamvu. Maji yalipimwa kwa kata. Mama mdogo aliwaeleza wapwa zangu kwamba utotoni kwake wanawake waliteremka bondeni kuchota, wakapanda na mtungi kichwani, kutwa nzima kwa safari moja. Mradi wa maji wa Makonde, unaosukuma maji kutoka chini hadi juu, umepunguza taabu hiyo, ila bomba likikauka watu wananunua kwa ndoo. Watoto walikumbuka mchoro wa Mjomba mchangani, na hakuna aliyemwaga maji ovyo tena.

Jioni moja Bibi aliwatolea hadithi ya asili yetu. Mtu wa kwanza aliishi porini peke yake, akachonga mti kwa umbo la mwanamke, akausimamisha nje ya kibanda; asubuhi mti umekuwa mtu, akawa mke wake. Walipojaribu kuzaa karibu na mto, watoto walikufa. Walipopanda juu, mtoto akaishi. Ndiyo maana wahenga waliwausia watoto wao wakae juu, mbali na mabonde. Hadithi hii aliiandika Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, aliyefika Masasi na Newala mwaka 1906 na kunasa nyimbo za watu wa hapa kwa fonografu. Jambo hilo lilinichoma. Mgeni alileta mashine nzito kutoka Ujerumani, akafika nayo huku kwa miguu, akahifadhi sauti za wazee wetu zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Sisi tuna simu mfukoni, na sauti ya Bibi yetu hatukuwa nayo. Tangu jioni hiyo wajukuu walipeana zamu: mmoja anauliza, mmoja anashika simu, mmoja anaandika majina. Bibi alipata wasikilizaji, akafurahi, akasimulia mpaka usiku.

Alilolitaka mwenyewe kuliko yote ni kwenda kwenye mahame. Kijiji chake cha ujana hakipo tena. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika siasa ya vijiji, watu walikusanywa barabarani, wakaacha nyumba na mashamba ya mbali. Bibi alihama akiwa mama kijana. Mikorosho aliyoipanda baba yake ilibaki huko bila wa kuipalilia. Habari hiyo ipo hata kwenye takwimu za nchi: msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho, na katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa yameshuka chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa kadhaa, pamoja na bei ndogo na ugonjwa wa ubwiriunga, lakini miti iliyoachwa mbali na watu ilikuwa mojawapo.

Tulimpakia Bibi kwenye bajaji mpaka njia ilipokwisha, kisha akatembea, mkono mmoja kwa Mjomba, mmoja kwangu. Alisimama mara nyingi. Hakuna aliyemharakisha, ndiyo faida ya kupanga siku nzima kwa jambo moja. Mikorosho tuliikuta, mikubwa, matawi yamelala chini, na mingine imeshafufuliwa na binamu zetu, ambao Juni hiyo walikuwa wakijiandaa kuipulizia salfa. Bibi alionyesha jiko lilipokuwa, mahali alipojifungulia mtoto wake wa kwanza, na kaburi la mama yake, lililobaki alama ya mawe matatu tu. Mpwa wangu mkubwa aliweka alama ya mahali hapo kwenye ramani ya simu yake. Mjomba akasema kwa Kimakonde maneno machache, kisha akamgeukia kijana yule, akamwambia kwa Kiswahili: "Huyu ni bibi wa bibi yako mzaa mama. Wewe ni wa hapa. Akikuuliza mtu, umwonyeshe." Kama tungekuja kwa msiba, nani angekuwa na nafasi ya kumleta mtoto hadi pale? Na msiba wenyewe ungekuwa wa nani, kama si wa huyu aliyetuonyesha kaburi?

Siku nyingine tulikwenda Shimo la Mungu, pale ambapo uwanda unakatika ghafla na bonde la Ruvuma linafunguka chini, kijani na kijivu mpaka Msumbiji. Wazee wa kwetu wana ndugu upande ule, Wamakonde wa Mueda. Waliotukaribisha Newala wanakumbuka wakimbizi waliovuka mto vita vya FRELIMO vilipoanza mwaka 1964, na familia zilizogawana nao mihogo hadi Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975. Tangu 2017 Cabo Delgado imerudi kwenye vita, na kuvuka kwenda kusalimia si jambo la kupangwa kwa sasa. Mjomba alisimama ukingoni, akawatajia watoto majina ya ndugu walio ng'ambo, ili angalau majina wayajue.

Usiku wa mwisho binamu walibangua korosho za mwaka uliopita. Debe lililotobolewa liliwekwa motoni, korosho zikachomwa hadi mafuta ya ganda yakashika moto, kisha zikamwagwa mchangani na kugongwa kwa mawe. Mafuta yale yanaunguza ngozi, kwa hiyo watoto walikaa mbali mpaka zilipopoa.

Tuliteremkia Mtwara kupitia Tandahimba na Nanyamba, tukamalizia Mikindani. Bahari niliiweka mwisho makusudi, ili watoto wawe na cha kungojea na Bibi apumzike kabla ya safari ndefu ya kurudi. Boma la Wajerumani la mwaka 1895 limekuwa nyumba ya wageni, na David Livingstone aliingilia bara kwa njia hii mwaka 1866 katika safari yake ya mwisho. Watoto waliogelea, mkwe wetu akala pweza. Bibi alikaa kivulini, akasema bahari ni nzuri, ila kwake ni juu.

Kabla hatujatawanyika tulikaa kikao, Mjomba akiwa mwenyekiti. Tuliamua mfuko wa safari usivunjwe. Tuliamua nyumba ya Bibi isifungwe tena kufuli: choo kipo, simtanki ipo, na mama mdogo ameshaulizwa na familia mbili za Newala zinazoishi mjini kama zinaweza kuja kulala hapo na wazee wao kwa malipo. Hapo nikazikumbuka zile nyumba za mashamba za Ufaransa, na nikaona kwamba kijiji chetu kinaweza kupata riziki kwa kuwapokea watoto wake wenyewe. Safari ijayo itakuwa Oktoba, hata ikibidi kuwaombea watoto ruhusa shuleni. Bibi anataka awepo korosho za mikorosho ya baba yake zikipimwa ghala la ushirika.

Kwa anayetaka kupanga safari kama hii, ushauri wangu ni mfupi. Anza kwa mzee, siyo kwa gari wala gesti: muulize anataka kufika wapi na kumwona nani, kisha upange njia kuelekea huko. Chagua msimu kwa kazi za watu wa kijijini, siyo kwa nafasi yako peke yako. Tuma pesa ya maji na choo kabla hujatuma ya mbuzi. Weka siku nzima kwa jambo moja. Na uanze mfuko wake mapema, kwa sababu mchango wa msiba utakusanyika hata kama hukupanga, lakini wa kuwaona watu wakiwa hai hautakusanyika wenyewe. Juni haiko mbali. Mpigie mjomba wako simu, muulize kama atakuwepo.